Kaa koko wananichanganya: miiba inasema hivi, DNA inasema vile. Nani apewe haki?

Mpekuzi_wa_Mikoko

Wakuu habari za humu. Naombeni mnitoe tongotongo. Nina sampo za kaa koko, jenasi Scylla, zote za Asia ya Kusini-Mashariki, ziko kwenye ethanoli, na kazi yangu ni kuwatenganisha kwa spishi. Nilianza kwa macho, nikafuata mwongozo: miiba ya kwenye paji kati ya macho, miiba ya kwenye kile kipingili cha kabla ya gando, mchoro wa miguuni. Nikapata makundi matatu yanayoeleweka na wachache wa katikati ambao sikujua niwaweke wapi. Baadae tukakata msuli kidogo wa mguu kwa kila mmoja tukasoma jeni ya COI, ile ya mitokondria inayotumika sana kutambua spishi za wanyama.

Kasheshe ndo ikaanzia hapo. Wengi umbo na DNA vinakubaliana, safi kabisa. Ila kuna wachache umbo linasema hivi na DNA inasema vile. Na kuna kundi lingine nikiingiza sikwensi yao (mpangilio wa herufi za DNA) GenBank, ile hifadhi ya sikwensi ya mtandaoni, inaniletea majina mawili, yote yanalingana kwa 99%, moja Scylla serrata jingine Scylla olivacea, sasa sikwensi moja inakuwaje ya spishi mbili jamani?

Kwaiyo swali: vikigongana namfuata nani, umbo au DNA? Na kuna kiungo gani kwenye mwili wa kaa ambacho pengine nakipita tu bila kukiangalia?

chuma_cha_pua

DNA mkuu, kwisha habari. Umbo linadanganya, kaa akijibamiza kwenye mwamba mwiba umevunjika, sa hapo utahesabu nini? Hata kwenye kesi za nani baba wa mtoto watu hawaangalii pua siku hizi, wanapima. Fuata DNA, hao wa katikati waingize wanakosomeka, funga kazi.

Bi_Gamba

@chuma_cha_pua mdogo wangu usimpoteze mwenzio hivo. Hiyo DNA inasoma nini? Inasoma jeni. Jina la spishi halijaandikwa ndani ya jeni, jina limebandikwa na mtu aliyemshika kaa mkononi akamwangalia, na kama yule mtu alimwangalia vibaya basi DNA yako itakurudishia kosa lake kwa 99%. Ndo hicho kinachomkuta huyu.

@Mpekuzi ngoja nikupe historia kidogo maana bila historia hutaelewa hayo majina mawili. Mwaka 1949 Estampador kule Ufilipino alisema kaa koko sio mmoja, akawagawa. 1960 Stephenson na Campbell wa Australia wakaona tofauti zile hazitoshi, wakawarudisha wote kapu moja, Scylla serrata. Basi kwa karibu miaka arobaini karibu kila kaa koko aliyeandikwa duniani, awe na miiba mirefu, awe hana, awe wa kijani, awe wa kahawia, jina ni S. serrata. Mpaka 1998 Keenan, Davie na Mann walipokaa nao tena, wakapima magamba na wakati huohuo wakapima protini na DNA ya mitokondria, wakakuta wako wanne na makundi ya umbo yanaangukia palepale yanapoangukia ya DNA. S. serrata, S. tranquebarica, S. paramamosain, S. olivacea. Uzuri wa kazi ile ni hapo, hakuna aliyemtangulia mwenzie.

Sa turudi mezani kwako. Mshike kaa umgeuzie uso, angalia paji kati ya macho mawili, kuna miiba minne. Olivacea miiba yake iko chini, ya mviringo, kama mawimbi madogo tu, na mabonde ya katikati hayana kina. Paramamosain mirefu, ya pembetatu, kingo zimenyooka, na bonde la katikati limekaa kama herufi V. Serrata mirefu pia ila kingo zimebonyea kidogo na bonde lake ni la duara. Tranquebarica yuko katikati, urefu wa wastani, ncha butu. Usikimbilie kusema mrefu mfupi, angalia BONDE, watu wengi wanaangalia mwiba wanasahau bonde.

Kisha nenda kwenye kile kipingili cha kabla ya gando, upande wa nje. Serrata na tranquebarica wana miiba miwili inayoonekana bila kutafuta. Olivacea na paramamosain ule wa ndani haupo kabisa na ule wa nje umebaki kama kipele. Halafu mchoro wa vyumbavyumba vyenye pembe: serrata unao miguu yote na magando, na jike hata tumboni, tranquebarica na paramamosain uko wazi kwenye jozi mbili za mwisho za miguu, kwingine hafifu, olivacea hana.

Ila ethanoli inakula rangi. Kama hukupiga picha akiwa hai au mbichi, hiyo alama ya tatu itakuangusha, utaona olivacea kila mahali. Na kingine, miiba inabadilika na umri, kaa mdogo ana miiba mikali kuliko mkubwa, kwa hiyo paramamosain mchanga unaweza kumpa mwiba asiostahili. Ndo maana wale watu wa 1998 hawakusema tu "una mwiba, hauna mwiba", walipima, urefu wa mwiba kugawa kwa upana wa paji, mwiba wa ndani kwa mwiba wa nje, wakatumia uwiano. Wewe umepima au umetazama?

Mpekuzi_wa_Mikoko

Shikamoo dada/mama sijui niseme nani, asante sana. Miiba nimepima yote na kalipa, uwiano ninao. Ila picha za wakiwa hai sina, nililetewa tayari wako kwenye chupa. Na kuhusu hilo bonde umenifungua macho maana mwongozo niliokuwa nao una michoro midogo mno.

Hao wa katikati wengi ni wadogo, yani gamba halijafika upana wa sentimita 8.

Bi_Gamba

Marahaba, mama sawa tu. Wadogo hao basi usiwape jina kwa mwiba. Waache pembeni.

Mzee_wa_Jeli

Naingia upande wa maabara. Kwanza hayo majina mawili, Bi_Gamba ameshasema chanzo, mi naongeza mfano ulio wazi. India. Kwa miaka mingi machapisho ya kule yalikuwa na kaa koko wawili, mkubwa wanamwita S. tranquebarica na mdogo wanamwita S. serrata. DNA ilipokuja kupimwa vizuri ikaonekana yule "tranquebarica" ndo serrata mwenyewe, na yule "serrata" ni olivacea. Majina yamehama nyumba! Sasa fikiria sikwensi ngapi ziliingia kwenye hifadhi za data kwa majina ya zamani, na hakuna anayerudi kuzibadilisha, zimekaa pale zinakusubiri wewe. Kwaiyo sikwensi yako ikikupa serrata na olivacea kwa pamoja, mi nabashiri ni olivacea. Usiishie kwenye orodha ya majina, chukua sikwensi za wale ambao mwili wao umehifadhiwa na umeelezwa, hasa zinazotokana na kazi ya 1998, zipange zote pamoja na zako kwenye mti mmoja wa ukoo uone zako zinakaa na nani. Jina linalojirudia mara nyingi GenBank sio kura.

Pili, wale ambao umbo na DNA vinapingana. Kabla hujamlaumu kaa, kagua sikwensi. Kaa na jamaa zake wana tabia moja mbaya: vipande vya DNA ya mitokondria vinahamia kwenye kiini cha seli na kukaa huko vikiwa vimekufa, havifanyi kazi, vinajikusanyia mabadiliko bila breki. Prima zako, vile vipande vifupi vya kuanzishia kunakili DNA, kama ni zile za Folmer za 1994 ambazo kila mtu anazitumia, zinaweza kukamata kile kipande kilichokufa badala ya jeni hai. Unapata sikwensi nzuri tu, imenyooka, lakini sio COI. Halafu unatangaza spishi mpya. Imetokea sana kwenye kaa, kuna walioonyesha kabisa kwamba idadi ya spishi inavimba kwa sababu hii.

Unavikamataje? Tafsiri sikwensi kwenda protini. Jeni hai haiwezi kuwa na alama ya kusimama katikati, yani herufi tatu zinazoamuru protini iishie hapo. Lakini sikiliza, tumia msimbo wa mitokondria wa wanyama wasio na uti wa mgongo, namba 5 kwenye programu nyingi. Ukitumia ule wa kawaida TGA itasomwa kuwa alama ya kusimama wakati kwenye mitokondria ya kaa TGA ni triptofani, kijenzi cha kawaida cha protini, utaona alama za kusimama kila mahali utupe sikwensi nzima nzima ambazo hazina kosa. Angalia pia kama kuna herufi zimepungua au kuongezeka kwa idadi isiyogawanyika kwa tatu, na kwenye ile grafu ya mashine kama kuna vilele viwili mahali pamoja. Vilele viwili ni dalili mbaya, maana umesoma vitu viwili kwa pamoja.

Tatu, ulikata wapi? Msuli wa mguu vizuri sana. Wako wanaochukua ini au utumbo, na kaa anakula kaa mwenzie, unaweza kusoma chakula chake. Na ini lina vimeng'enya vinavyomeng'enya DNA yenyewe kabla hujafika maabara.

chuma_cha_pua

😂😂 kusoma chakula chake! Basi nimenyamaza nusu. Ila bado mkuu, kama sikwensi ni safi, na mwili wa kulinganishia ni wa uhakika, si tunaweka tu asilimia, chini ya 2% spishi moja, juu ya hapo mbili? Si ndo watu wanavyofanya?

Mzee_wa_Jeli

Wanafanya, na ndo tatizo. Asilimia ni ishara ya kukufanya uangalie, haikupi hukumu. Mfano wa upande mmoja: ziwa Tanganyika lina kaa wake, Platythelphusa, hawapatikani kwingine popote. Kuna mwenye magando mazito ya kuvunjia konokono, kuna mwenye miguu mirefu myembamba, kuna wadogo wa kwenye mawe, ukiwaona huhitaji darasa kujua sio kitu kimoja. Pima mitokondria sasa, tofauti ni ndogo mno, kwa sababu wamegawanyika juzijuzi na haraka. Ukienda na mstari wako wa 2% unaweza kuwafuta nusu yao kwa kalamu.

Upande wa pili kuna kaa wanaofanana mpaka unachoka halafu jeni ziko mbalimbali. Hemigrapsus wa Japani ni hao, H. penicillatus ilijulikana kama spishi moja, protini zikaonyesha makundi mawili yasiyochanganyika pwani ileile, watu wakarudi kuangalia upya wakakuta kumbe hata umbo lilikuwa linasema: kile kishungi cha manyoya kwenye gando la dume kimoja ni kikubwa kingine ni kidogo, na madoadoa ya kwenye mwili hayafanani ukubwa. 2005 mmoja akapewa jina lake, H. takanoi. Na yule kaa aliyevamia Ulaya kwenye miaka ya 90, aliyeandikwa penicillatus kila mahali, akaja kuonekana ni takanoi. Yani DNA ilisema "rudi ukaangalie" na walioangalia wakaona.

Mpekuzi_wa_Mikoko

Hii nimeipenda. Sasa kuhusu kiungo ninachokipita, nimesoma sehemu wanaitaja gonopodi kama ndo mwisho wa maneno kwenye kaa, ila mwongozo wangu wa Scylla hauitaji kabisa. Kwanini?

Bi_Gamba

Kwa sababu kwa Scylla miiba na vipimo vilitosha, gonopodi zao hazikusaidii sana. Lakini kwa kaa wengi wengine, hasa wa maji baridi, bila gonopodi huna kesi.

Kwa ambao hawajui: mgeuze kaa chali. Ule mkia uliokunjwa tumboni, wa dume ni mwembamba, wa jike ni mpana wa duara. Ufungue wa dume taratibu, chini yake kuna jozi mbili za vijiti. Jozi ya kwanza ndo gonopodi yenyewe, ni kama mrija, wa pili unaingia ndani yake na kusukuma mbegu. Ile ya kwanza ndo tunaiangalia, imepinda wapi, ncha imeinama ndani au nje, ina manyoya upande gani, kipingili cha mwisho kina urefu gani ukilinganisha na kilichotangulia. Kwanini ina thamani hivyo? Kuna wanaosema ni kufuli na ufunguo, kwamba dume wa spishi nyingine haingii, mi hilo siliamini sana maana kaa wa spishi tofauti wanapandana na tutaona hapo chini kama kuna mtu atalileta. Ila ni kweli kwamba viungo vya uzazi vinabadilika haraka wakati gamba linakaa vilevile, kwaiyo spishi mbili zilizoachana karibuni unaweza ukaziona hapo kabla ya kwingine.

Mfano unaofundishwa sana ni Carcinus, yule kaa wa kijani wa Ulaya. Kuna C. maenas wa Atlantiki na C. aestuarii wa Mediterania. Gamba kwa gamba utalala na njaa. Fungua mkia: aestuarii gonopodi zimenyooka zinakwenda sambamba, maenas zimepinda kutoka nje kama mwezi mchanga. Sekunde kumi tu.

Kasoro zake ziko nne na nazisema kwa sababu watu wanazificha. Jike hana, kwaiyo nusu ya sampo zako imekwenda, kwa jike unabaki na umbo la tundu la uzazi kwenye sahani ya kifua, lina msaada lakini wachache wanalichora. Dume mchanga gonopodi yake haijaiva, inakudanganya. Manyoya yanaficha umbo, safisha kwa brashi laini kabla ya kuchora. Na ya nne ni mdudu Sacculina, hii watu wengi hawaijui. Ni jamaa wa wale wanaong'ang'ania mawe na meli, ila huyu anaingia ndani ya kaa anaota kama mizizi, na dume akishaingiliwa mwili wake unageuka kuelekea ujike, mkia unapanuka, gonopodi zinasinyaa. Ukimpima huyo ukaona gonopodi ndogo ya ajabu na mkia mpana, unaweza kudhani umepata kitu kipya. Angalia chini ya mkia kama kuna mfuko laini wa manjano mahali ambapo jike hubebea mayai, ukiuona huyo ni mgonjwa, mtoe kwenye vipimo.

Mzee_wa_Jeli

Na hao hao Carcinus wana kisa cha jeni. Wamesambazwa na meli duniani, na kila mahali watu walikuwa wanasema ni maenas kavamia. 1997 Geller na wenzake wakasoma kipande cha 16S, jeni nyingine ya mitokondria, cha kaa wa sehemu mbalimbali walikovamiwa, wakakuta Japani na Afrika Kusini kuna chapa za spishi ZOTE mbili. Uvamizi wa pili ulikuwa umejificha ndani ya wa kwanza. Kwa macho ya gamba hakuna aliyekuwa ameuona.

baridi_kali

Nimekuja kwa sababu Bi_Gamba amenichokoza na habari za kupandana 😅 Mi ni mtu wa kaa wa bahari ya baridi, Chionoecetes. Kuna wawili, C. opilio na C. bairdi, wanakutana mashariki ya bahari ya Bering. Kuwatofautisha ni rahisi kweli, bairdi ana macho mekundu, opilio ana macho ya kijani. Na ukiangalia ule ukingo juu ya mdomo, wa bairdi umekaa kama herufi M, wa opilio umenyooka tu. Raha mustarehe.

Halafu unakutana na mwenye macho mekundu na mdomo ulionyooka.

Hao ni machotara, wapo porini, sio hadithi. Na hapo COI haina msaada peke yake, maana mitokondria kaa anairithi kwa mama tu. Chotara ambaye mama yake ni opilio COI yake itasoma opilio kwa usafi wote, hata awe na uso wa bairdi. Utasema umbo limekosea wakati umbo ndo linasema ukweli na DNA imekupa nusu ya hadithi. Kwaiyo @Mpekuzi hao wako ambao sikwensi ni safi, ni wakubwa, miiba imepimwa, na BADO vinagongana, usiwaburuze upande wowote. Soma jeni ya kwenye kiini, kwa Scylla ITS-1 imetumika sana kutofautisha hao wanne. Chotara ataonyesha nakala za baba na za mama kwa pamoja. Japani 2005 Imai na Takeda waliripoti kaa koko chotara wa porini, kwa njia hiyohiyo ya kuweka mitokondria na jeni ya kiini pamoja.

chuma_cha_pua

Aisee. Yani huyo COI ni shahidi wa upande wa mama tu. Mbona hili hamkusema toka mwanzo nikaja hapa kujitia kimbelembele 😂

Bi_Gamba

Kimbelembele chako kimetufanya tuandike, kaa hapohapo.

Ila @baridi_kali nami nikuwekee breki kidogo. Kila kinachogongana leo wanakiita chotara, imekuwa fasheni. Kwanza maliza sababu nyepesi: lebo zimechanganyika kwenye chupa, mguu uliokatwa umerudishwa chupa nyingine, kaa mdogo, mwiba umechakaa, kipande cha DNA kilichokufa. Chotara awe wa mwisho.

baridi_kali

Sikatai. Na lebo kweli ni ya kwanza, kaa wanaachia miguu wenyewe wakishtuka au wakiwekwa kwenye pombe, ukiwa na kaa watatu chupa moja na miguu kumi inaelea humo, hujui mguu wa nani.

mdadisi_wa_pwani

Wadau nimefuatilia kimya kimya, naomba kuuliza ya kwetu. Wale kaa wadogo wa ufukoni wenye gando moja kubwa wanalolipunga, kwenye vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki wanaitwa Uca annulipes, ila sasa naona mahali wameandikwa Austruca occidentalis. Ni haohao au wengine?

Mzee_wa_Jeli

Ni haohao kaa, jina ndo limebadilika, na kwa sababu mbili ambazo zilitokea karibu wakati mmoja. 2016 Naderloo, Schubart na Shih waliwalinganisha wa Afrika Mashariki na wale wa mashariki zaidi ya Bahari ya Hindi na Pasifiki kwa umbo na kwa DNA, wakaona wa kwetu wanajitenga, wakawapa jina la occidentalis. Mwaka huohuo ile jenasi kubwa ya Uca ikagawanywa kuwa jenasi 11, na hawa wakaangukia Austruca. Kwaiyo ukisoma chapisho la zamani la Kenya au Tanzania lililoandika Uca annulipes, soma occidentalis, ila ukisoma la Thailand acha vilevile kama annulipes, badilisha jenasi tu.

Kitu kilekile kimewapata Portunus pelagicus, wale kaa wa kuogelea wa buluu. 2010 Lai, Ng na Davie wakawagawa wanne, na wa upande wetu wa magharibi ya Bahari ya Hindi ni P. segnis. Huyohuyo ndo aliyepita mfereji wa Suez akaingia Mediterania, miaka yote anaandikwa pelagicus.

mdadisi_wa_pwani

Na kaa koko wa kwetu je? Maana huku juu mmetaja wanne.

Bi_Gamba

Magharibi ya Bahari ya Hindi anayejulikana ni mmoja, serrata. Forskål alimwandika 1775 kutoka Bahari ya Shamu. Kwaiyo huko mkiona olivacea kwenye chapisho, uliza mara mbili.

Mpekuzi_wa_Mikoko

Nimerudi na majibu kidogo. Nimetafsiri sikwensi zote kwa ule msimbo namba 5. Wawili kati ya wale waliogongana wana alama ya kusimama katikati na vilele viwili kwenye grafu, kwaiyo hao nawasoma upya kwa prima nyingine, au nianze na 16S kwanza? Wale wa majina mawili nimewapanga kwenye mti na sikwensi za kuaminika, wote wamekaa na olivacea, na kweli nikiwarudia paji lao ni mawimbi tu, hakuna ubishi.

Amebaki mmoja. Dume mkubwa, gamba zaidi ya sentimita 12, lebo yake ilifungwa mguuni, sio ndani ya chupa. Paji ni la pembetatu, bonde ni V, kila kitu paramamosain. Ila kipingili cha gando kina miiba miwili ya kutosha, upande wa kulia na wa kushoto. COI safi kabisa, tranquebarica.

Mzee_wa_Jeli

Wale wawili anza na 16S, ni rahisi na ina data nyingi ya kulinganisha, halafu ndo urudie COI. Huyo mmoja ITS-1 moja kwa moja, na usisome bidhaa ya PCR (mchanganyiko wa nakala zilizozalishwa maabara) peke yake, iklonie, yani tenganisha nakala mojamoja, usome kadhaa, maana kama ana za aina mbili grafu ya moja kwa moja itakuwa takataka na hutajua takataka ya nini.

Bi_Gamba

Na mpige picha leo kabla hujamkata tena. Paji kutoka mbele na kutoka juu, vipingili vyote viwili, gonopodi zote mbili hata kama nilisema hazisaidii kwa Scylla, weka rula kwenye kila picha. Usimkaushe na usimtie fomalini. Ikija kuonekana ni chotara kila mtu atataka kumwona yeye, sio grafu yako, na ikija kuonekana sio chotara ndo watataka kumwona zaidi.

chuma_cha_pua

Tupia picha humu na sisi tuone hilo bonde la V.

Mpekuzi_wa_Mikoko

Kesho asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, ethanoli inang'aa sana chini ya taa. Nitamtoa kwenye chupa kidogo tu.

Bi_Gamba

Usimtoe akae nje. Mweke kwenye sahani umzamishe humohumo kwenye ethanoli, kamera iwe juu, na taa iwe ya pembeni isimulike kutoka juu. Miiba itatoa kivuli na mng'ao utapungua.